Runinga Iliyoahidi Kufundisha

Mwaka 2014 nondo mdogo wa rangi ya kijivu aligunduliwa katika mashamba ya Kenya. Wanasayansi walimwita Tuta absoluta. Tanzania, alikofika mwaka huohuo, wakulima walimbatiza Kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani la mnyanya, akala kilichomo na kuacha ngozi tupu ya juu na ya chini, kisha huhamia kwenye tunda lenyewe. Nyanya yenye tundu jeusi karibu na kikonyo hakuna broka atakayeinunua.

Kwa Kagio hilo lilikuwa pigo la tumboni. Mji huu wa soko ulio kusini mwa Kaunti ya Kirinyaga, si mbali na Sagana wala na mashamba ya mpunga ya Mwea, huishi kwa nyanya, vitunguu, ndizi, tikiti na mishiri, yaani maharagwe mabichi. Malori hupakia kreti hapa yakaelekea Nairobi na hata Mombasa. Mkulima aliyeona majani yake yakikauka alihitaji majibu wiki hiyohiyo: huyu ni mdudu gani, anyunyiziwe dawa ipi, na zipite siku ngapi kati ya dawa na mavuno.

Angemuuliza nani? Kiwango kinachopendekezwa ni afisa mmoja wa kilimo kwa wakulima 400. Nchini Kenya kila afisa amekuwa akitarajiwa kuwahudumia zaidi ya 1,000. Mwenye duka la dawa angemjibu haraka, lakini mwenye duka yuko pale kuuza. Vituo vya mafunzo vipo, kama Kamweti hapohapo Kirinyaga na Wambugu kule Nyeri, ila nyanya hazimsubiri mtu arudi kutoka kwenye kozi. Kilichokuwa karibu, ndani ya nyumba na ndani ya hoteli za chai, kilikuwa runinga. Na chombo hicho kililetwa Afrika Mashariki kwa ahadi kwamba kitafanya kazi hiyo hasa.

Ahadi yenyewe ni ya zamani kuliko runinga. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika. Wasimamizi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha zilitoka hasa kwa Shirika la Carnegie la Marekani. Lori lenye jenereta na skrini lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, likionyesha filamu za mmomonyoko wa udongo, za kodi na za kuweka akiba katika benki ya posta. Baadhi ya filamu hizo hazikuwa za watu walionaswa wakiendelea na shughuli zao. Zilikuwa na wahusika, kisa na mwisho uliopangwa: aliyefukia fedha zake akaibiwa, aliyezipeleka posta akazikuta.

Ndiyo kusema kwamba tangu siku ya kwanza, elimu ya picha katika eneo hili iliandikiwa mswada. Tena ilikuwa na mwenyewe. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoamua mwananchi ajue nini. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, magari ya sinema yaliyopita katika vijiji vya Mlima Kenya yalibeba pia propaganda dhidi ya Mau Mau. Watu waliotazama filamu ya usafi wa choo walitazama pia filamu ya kuwataka wawasaliti ndugu zao walio msituni.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962. Kituo cha kwanza cha kurushia mawimbi kilikuwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika umbali wa maili 15 hivi. Kagio haikuwamo. Mwaka 1964 serikali mpya ilitaifisha utangazaji, ikaanzisha Sauti ya Kenya, iliyojulikana zaidi kwa kifupi VoK, chini ya wizara inayohusika na habari. Majukumu yaliyotajwa yalikuwa matatu: kuhabarisha, kuelimisha na kuburudisha. Burudani ilikuwa ya mwisho katika orodha hiyo.

Imani hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Sahara, huku Tanzania Bara ikikaa bila runinga hadi 1994. Na mwaka 1975 likatokea jambo ambalo Wakenya wachache walilitambua. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilisogeza setilaiti yake iitwayo ATS-6 hadi juu ya Afrika Mashariki, kwenye longitudo ya nyuzi 35 mashariki. Kutoka huko angani, kwa muda wa mwaka mmoja, setilaiti hiyo ilirusha masomo ya kilimo, afya na shule kwa vijiji 2,400 vya India. Vijiji vya chini yake, vya Kenya, havikuwa na sahani za kuyapokea.

Setilaiti hiyohiyo, kabla ya kusogezwa, ilikuwa imetumika kuwafundisha walimu katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Mradi huo wa elimu ya umma ndio uliozaa, mwaka 1980, chaneli iliyoitwa The Learning Channel, yaani chaneli ya kujifunza. Leo inajulikana kwa herufi tatu tu, TLC, na hatima yake inaeleza mengi kuhusu yaliyoikumba Kenya.

Lakini kwanza, VoK. Katika miji ya Mlima Kenya ya miaka ya 1970 na 1980, runinga ilikuwa mali ya wachache: mwalimu mkuu, mwenye duka, mwenye baa. Palipokosa umeme, watu walitumia betri ya gari, iliyobebwa kwa baiskeli au mkokoteni hadi mjini ikachajiwe. Seti ndogo za Great Wall, zisizo na rangi, zilienea baadaye, na antena zikapachikwa juu ya miti mirefu kando ya nyumba. Mtu mmoja alizungusha mti nje huku wengine wakipiga kelele kutoka ndani kwamba picha imekaa sawa au imepotea. Saa moja jioni ilikuwa taarifa ya habari kwa Kiswahili, saa tatu kwa Kiingereza. Katikati yake vilipita vichekesho vya nyumbani na vipindi vya msaada kutoka ng'ambo, kama kile cha mpira wa Ujerumani ambacho wazee wa leo bado wanakikumbuka.

Kilele cha elimu ya runinga Kenya kilikuja mwaka 1987, na kilikuja kwa sura ya mchezo wa kuigiza. Tushauriane ulikuwa mfululizo wa VoK kuhusu ndoa, uzazi wa mpango na mahusiano ya kizazi cha zamani na kipya. Redioni, Ushikwapo Shikamana ulibeba mzigo uleule. Mbinu hiyo ilibuniwa na mtayarishaji wa Meksiko, Miguel Sabido, ambaye katika miaka ya 1970 alitengeneza tamthilia za kuhimiza watu wazima wajiunge na madarasa ya kusoma na kuandika, na nyingine za uzazi wa mpango. India iliichukua mwaka 1984 kwa tamthilia ya Hum Log, kisha Kenya ikafuata. Siri yake ni mhusika wa katikati. Huyu si mwema mtupu wala mwovu mtupu. Ni mtu anayeyumba, anayekosea, anayejirudi, na mtazamaji anajiona ndani yake.

Uchunguzi wa 1977 na 1978 ulikuwa umeonyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8.1. Kufikia uchunguzi wa 1993, wastani ulishuka hadi 5.4. Hakuna anayeweza kuipa runinga sifa zote kwa hilo. Zilikuwapo kliniki, shule za wasichana, na mashamba yaliyokwisha kugawanywa hadi yasigawanyike tena. Ila Tanzania ilifanya jaribio lenye ushahidi wa karibu zaidi. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, haukurushwa katika eneo la Dodoma kwa miaka miwili, ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi katika maeneo uliposikika. Hadithi iliyopangwa vizuri ilibadilisha maisha ya watu, na ilithibitika kwa hesabu.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1989 VoK ikawa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, na kutarajiwa kujitafutia fedha. Mwaka 1990 ikaanza KTN, kituo cha kwanza cha binafsi. Mwishoni mwa muongo huo zikafuata Nation TV na Citizen. Ulikuwa ndio wakati wa marekebisho ya uchumi yaliyosukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ikapunguza ajira, na maafisa wa kilimo waliostaafu hawakujazwa nafasi zao. Kwa hiyo mkulima wa Kagio alipoteza walimu wawili kwa mpigo: yule aliyekuja kwa pikipiki hadi shambani, na yule aliyekuwa ndani ya runinga.

Nafasi zilijazwa na kilichokuwa rahisi kununua. KBC ilionyesha tamthilia ya Meksiko iliyojulikana kama The Rich Also Weep, na nchi nzima ikasimama kuitazama. Ilitoka Televisa, kampuni ileile ambayo ndani yake Sabido alibuni mbinu yake ya kufundisha. Kenya ilikuwa imechukua kwanza somo, sasa ikachukua machozi bila somo, kwa sababu kununua kipindi kilichokwisha kutengenezwa kuligharimu sehemu ndogo tu ya fedha za kutengeneza Tushauriane nyingine.

Marekani mambo yalikwenda mbali zaidi. The Learning Channel ilinunuliwa na Discovery mwaka 1991. Masomo yalipunguzwa taratibu, zikaja harusi na ukarabati wa nyumba, na mwaka 2012 chaneli iliyozaliwa na mradi wa kuwafundisha walimu ilikuwa ikitamba kwa Here Comes Honey Boo Boo, kipindi cha mtoto wa mashindano ya urembo na familia yake. History, iliyoanzishwa 1995 kwa historia, ilipata watazamaji wake wengi kwa Pawn Stars, kuanzia 2009, ambamo watu huleta vitu vya kale dukani kubishania bei. Mgomo wa waandishi wa miswada wa 2007 na 2008 uliharakisha mambo, kwani vipindi vya "maisha halisi" havikuhitaji waandishi wa chama wala waigizaji wa bei ghali.

Hatua mbaya kuliko zote ilikuja mwaka 2012, Animal Planet ilipoonyesha filamu iliyodai kuwa mwili wa nguva umepatikana. Wanasayansi waliohojiwa ndani yake walikuwa waigizaji. Mwaka uliofuata Discovery ilifanya vivyo hivyo kwa papa aliyetoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Maandishi ya kutahadharisha yalipita haraka sana. Mamilioni ya watu walitazama uongo katika chaneli walizozoea kuziamini kama mwalimu.

Chaneli hizo zilifika pia Kenya kwa madishi ya DStv, na baadaye kampuni za malipo nafuu, GOtv na StarTimes, zikaeneza runinga ya kulipia katika miji midogo. Afrika nayo ikatengeneza vya kwake. Big Brother Africa ilianza 2003, Kenya ikiwakilishwa na Alex Holi, na mshindi akawa Cherise Makubale wa Zambia. Bunge la Malawi lilipinga kuonyeshwa kwake mwaka huohuo. Mwaka 2006 ikaja Tusker Project Fame, ambayo angalau iliwapa vijana walimu wa sauti. Muongo uliofuata ukaleta Nairobi Diaries katika K24, na Februari 2023 Showmax ikaanzisha The Real Housewives of Nairobi, mji wa Nairobi ukitumika kama tawi la chapa ya Kimarekani.

Namna vipindi vya aina hii vinavyotengenezwa duniani kote inajulikana katika tasnia. Mtayarishaji huamua nani akutane na nani, wapi, na wazungumzie nini. Kamera hukaa saa nyingi ili zipatikane dakika chache. Mahojiano ya pembeni, yale ambayo mhusika hukaa peke yake na kueleza alivyojisikia, hurekodiwa baadaye, wakati anajua tayari ugomvi umeishia wapi. Kisha mhariri anaweza kuchukua jicho lililokodolewa asubuhi akalibandika baada ya neno lililosemwa jioni. Hakuna kosa katika kuigiza. Mzee Ojwang na wenzake wa kichekesho cha Vitimbi waliigiza miaka mingi na nchi ikawapenda. Kosa ni kumwambia mtazamaji kwamba hiki si maigizo.

Hapa ndipo historia hii inapomrudia mkulima wa Kagio. Kwa sababu umbo hilohilo la runinga, watu wa kawaida mbele ya kamera, lilichukuliwa na watu wengine likafanyishwa kazi ya zamani.

Kampuni ya Mediae, yenye makao Nairobi, ilikuwa imezoea tamthilia za kufundisha: Tembea na Majira redioni katika miaka ya 1990, kisha Makutano Junction runingani katika miaka ya 2000, kisa cha kijiji cha kubuni chenye jina la njiapanda ambayo kila gari la Kagio huipita likielekea Nairobi. Machi 2012 ilianzisha Shamba Shape Up katika Citizen, kwa Kiswahili na Kiingereza, watangazaji wake wa kwanza wakiwa Tonny Njuguna na Naomi Kamau. Mfano wake ulikuwa vile vipindi vya Ulaya na Marekani vya kurekebisha nyumba, ila hapa kinachorekebishwa ni shamba la mkulima mdogo.

Timu inaingia kwenye boma la watu, inasikiliza shida zao, na wataalamu wa taasisi za utafiti wanatoa majibu huku mikono yao ikiwa kwenye udongo. Sampuli ya udongo inachukuliwa kwa kuchimba sehemu kadhaa za shamba, si moja, kisha kuchanganywa ndooni. Banda la kuku linainuliwa kutoka chini na kufungiwa waya. Ng'ombe anapimwa kifua kwa utepe ili ukadiriwe uzito wake. Mama mwenye boma anauliza swali ambalo jirani yake angeona aibu kuuliza. Mtazamaji anatuma ujumbe mfupi, analetewa karatasi ya maelezo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliofuatilia kipindi hicho walikuta mamia ya maelfu ya kaya zilizobadilisha namna ya kulima mahindi au kufuga ng'ombe wa maziwa kutokana na waliyoyaona.

Wakati wenyewe ulidai elimu hiyo. Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliamua kupima asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, hasa dimethoate. Katika mashamba ya mishiri ya Kirinyaga, ambako familia nzima huchuma asubuhi ili gari la mnunuzi likute mzigo tayari, neno "siku za kusubiri baada ya kunyunyizia" likawa na maana ya fedha mfukoni au mzigo kukataliwa. Mwaka uliofuata akaja yule nondo wa nyanya. Mkulima asiyejua alinyunyizia zaidi, na kunyunyizia zaidi ndiko kulikomfukuza sokoni.

Mediae ilisogea hatua moja mbele mwaka 2017 kwa Don't Lose the Plot, shindano la kweli la vijana wanne, wawili wa Kenya na wawili wa Tanzania. Kila mmoja alipewa ekari moja, na mshindi akaahidiwa dola 10,000 za kukuza kilimo chake. Mvutano wa kipindi ulitokana na mvua, wadudu na bei ya soko, mambo ambayo hayahitaji kupangwa na mtayarishaji. Tanzania nako, Januari 2014, Ubongo Kids ilianza TBC1 ikifundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo, na ikavuka mipaka.

Ila sifa hizo zina upungufu, nao unapaswa kusemwa. Vipindi hivi vya kilimo vinaishi kwa fedha za wafadhili wa nje na za kampuni za pembejeo ambazo bidhaa zao huonekana humo. Mfadhili akibadili nia, darasa linafungwa. Kampuni ikilipa, mkulima hana namna ya kujua kama dawa aliyoonyeshwa ndiyo bora au ndiyo iliyolipiwa. VoK ilikuwa na makosa yake mengi, na ilisema aliyoyataka rais, lakini mwenyewe alikuwa serikali, si muuza dawa.

Uhamaji kutoka analogi kwenda dijitali ulitakiwa kutibu jambo hili. Mwaka 2015, baada ya mvutano mahakamani na vituo vikubwa kuzimwa kwa karibu wiki tatu, Kenya iliingia rasmi katika zama za ving'amuzi. Chaneli ziliongezeka kwa makumi. Oktoba mwaka huohuo ilianza Inooro TV kwa Kikuyu, na wakazi wa Mlima Kenya wakapata habari na mijadala, ya kilimo ikiwamo, kwa lugha ya nyumbani. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, nayo ilipata chaneli yake ya elimu. Lakini chaneli nyingi ziligawana matangazo yaleyale ya biashara, kila moja ikabaki na fedha kidogo, na kipindi cha bei nafuu kuliko vyote kutengeneza ni watu wachache wakizozana sebuleni.

Kipimo kilikuja Machi 2020. Shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na serikali ikawaambia watoto wasomee redioni, runingani na mtandaoni. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekuta runinga inayofanya kazi katika asilimia 40.7 tu ya kaya za Kenya. Watoto wengi hawakuwa na pa kutazamia, na hata wenye runinga walikuwa na chaneli moja ya masomo katikati ya makumi ya chaneli nyingine. Nchi iliyokuwa na miaka 58 ya runinga iligundua kwamba haikuwa imejenga darasa lake.

KBC bado ni mali ya umma na bado inapata fedha za walipa kodi. Sheria bado inaipa jukumu la kuelimisha. Wakulima wa Kagio, pamoja na wale wa Karatina, Kutus na Nyeri, wana haki ya kudai saa moja ya jioni, baada ya taarifa ya habari na si alfajiri, ya kilimo kinachofundishwa na mtaalamu asiyelipwa na muuza dawa, kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Wabunge wao hupitisha bajeti ya shirika hilo kila mwaka. Waulizwe.